Kardinali Rugambwa: Kazi Iliyofunikwa na Sifa ya Kuwa wa Kwanza

Kwenye chemsha bongo za shule na za redio, jina la Laurean Rugambwa hujibu swali moja tu: ni nani Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi? Likishajibiwa, msimamizi anaruka kwenda swali linalofuata. Miaka 47 aliyoishi kabla ya kuvikwa kofia nyekundu, na mingine 37 aliyoishi baada yake, ni kama haikuwepo. Sifa hiyo ni ya kweli na Watanzania wana haki ya kujivunia, lakini imefunika kazi yenyewe. Hoja ninayoishika hapa ni kwamba Rugambwa alikuwa mwanasheria wa Kanisa na mjenzi wa taasisi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alipewa kazi ya kuligeuza Kanisa la wamisionari liwe la wenyeji bila kishindo. Ukimya wake mbele ya dola, ambao wengine wanausifu na wengine wanaulaumu, hauwezi kupimwa bila kuitazama kazi hiyo kwanza.

Tuanze na siku yenyewe, 28 Machi 1960. Papa Yohane XXIII aliwateua kwa mkupuo makardinali watatu kutoka mataifa ambayo hayakuwahi kuwa na kardinali: Peter Doi wa Japani, Rufino Santos wa Ufilipino na Rugambwa wa Tanganyika. Doi alikuwa Askofu Mkuu wa Tokyo na Santos Askofu Mkuu wa Manila, miji mikubwa yenye majimbo makuu. Rugambwa hakuwa askofu mkuu wa popote. Alikuwa askofu wa Rutabo, jimbo la migombani kusini mwa Bukoba, lililokuwa chini ya Jimbo Kuu la Tabora. Nchi yake ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na bendera ya uhuru ingepandishwa Desemba ya mwaka uliofuata.

Ukardinali si daraja takatifu. Daraja za Kanisa ni tatu, ushemasi, upadre na uaskofu, na kofia nyekundu haiongezi ya nne. Kardinali ni mshauri wa Papa na mpiga kura wa kumchagua Papa anayefuata. Kwa kuwa uchaguzi huo zamani ulikuwa wa makasisi wa jiji la Roma, makardinali walio wengi hupewa kila mmoja kanisa la jiji hilo liwe lake kwa heshima, na Rugambwa alipewa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Akirudi nyumbani, kardinali hawezi kumhamisha hata paroko mmoja wa jimbo la jirani. Kwa hiyo mwaka 1960 Tanganyika ilimpata mtu mwenye hadhi ya juu kuliko askofu yeyote wa Afrika Mashariki, lakini mamlaka yake ya kila siku yaliishia kwenye mipaka ya jimbo dogo. Maisha yake yote yaliyofuata yalihusu pengo hilo kati ya hadhi na mamlaka.

Kwa nini basi Bukoba? Jibu halimo Roma. Wamisionari wa shirika la Mababa Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda, na wakakuta falme za Kihaya zenye mabaraza, ukoo na heshima ya cheo. Kahawa ilikuja kuwapa wazazi fedha ya ada, na elimu ikawa mashindano ya familia. Mwaka 1917, huku Vita vya Kwanza vikiendelea, mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipewa daraja Rubya. Kwa hiyo Rugambwa alipozaliwa tarehe 12 Julai 1912, mtoto wa ukoo wa watu wakubwa, alikulia mahali ambapo padre mweusi hakuwa kioja. Alibatizwa tarehe 19 Machi 1921 pamoja na baba na mama yake, akiwa na miaka minane. Hakurithi Ukristo kwa babu. Aliingia akiwa na akili ya kuona kinachofanyika, na aliwaona wazazi wake wakiinamisha vichwa kwenye maji yaleyale.

Alisoma seminari ndogo ya Rubya, kisha seminari kuu ya Katigondo nchini Uganda. Katigondo inastahili kutajwa kwa uzito zaidi kuliko inavyotajwa. Ilikuwa shule ya mapadre wa pande zote za Ziwa Viktoria, wakisoma falsafa na teolojia kwa Kilatini, na ilikuwa katika eneo la Masaka. Masaka hiyohiyo ndiyo Papa Pio XII aliyomkabidhi Joseph Kiwanuka mwaka 1939, akimweka wakfu kwa mkono wake mwenyewe kule Roma: Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Kilatini tangu yule mwana wa mfalme wa Kongo, Henrique, aliyeteuliwa mwaka 1518. Masaka ilikabidhiwa mapadre Waafrika watupu. Lilikuwa jaribio, na kila mtu alilijua hivyo: kama Waganda wangeshindwa kuendesha parokia, shule na hesabu za fedha, mlango ungefungwa kwa kizazi kizima.

Jaribio lilifaulu, na Tanganyika ikafuata mkondo huo. Rugambwa alipata upadre Desemba 1943 kwa mikono ya Askofu Burkhard Huwiler, akafanya kazi ya parokia miaka michache, kisha mwaka 1949 akapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Alirudi na shahada ya udaktari. Desemba 1951 aliteuliwa Vika wa Kitume, yaani mkuu wa eneo ambalo halijawa jimbo kamili, wa Kagera ya Chini, eneo jipya lililomegwa kutoka Vikarieti ya Bukoba, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu uaskofu palepale Rutabo.

Ramani ya wakati ule inaonyesha jinsi mambo haya yalivyofanyika. Mwafrika alipewa kipande kipya cha vijijini, huku mji wa Bukoba, wenye bandari, ofisi za serikali na jina, ukibaki kwa wamisionari. Tarehe 25 Machi 1953 maeneo yote mawili yalipandishwa kuwa majimbo kamili: Bukoba chini ya Askofu Alfred Lanctôt wa Mababa Weupe, na Rutabo chini ya Rugambwa. Kisha ikaja kofia. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 21 Juni 1960, Roma ilibadilisha majina. Jimbo la wamisionari likaitwa Rulenge, huko magharibi kuelekea mpaka wa Rwanda na Burundi, na jimbo la Rugambwa likaitwa Bukoba. Hapakuwa na ugomvi wala maandamano, ila mzungu na mwenyeji walibadilishana nafasi. Kama kuna siku moja inayoonyesha ukardinali wake ulifanya nini hasa ardhini, kwangu mimi ni hii kuliko siku ya sherehe za Roma.

Bukoba haikuwa ya Wakatoliki peke yao. Walutheri nao walikuwa na mizizi mirefu kule, na mwaka 1964 walimpata askofu mwenyeji, Josiah Kibira. Mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mji mmoja mdogo kando ya ziwa ukawa umetoa watu wawili wa namna hiyo katika kizazi kimoja. Anayetaka kueleza kupanda kwa Rugambwa kwa kipaji chake binafsi tu inabidi amweleze na Kibira.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 1962, na hapo ndipo hadhi yake ilipopata kazi inayolingana nayo. Maaskofu wa Afrika walikuwa mia kadhaa, wengi wao bado Wazungu wa mashirika mbalimbali, waliogawanyika kwa lugha na kwa mkoloni aliyewatawala. Wangeweza kukaa kimya miaka minne na kupiga kura walivyoelekezwa. Badala yake waliunda sekretarieti moja ya bara zima, Rugambwa akiwa rais. Upande wa wanaozungumza Kifaransa ulishikwa na Jean Zoa wa Yaoundé, na wa Kiingereza na Joseph Blomjous, Mholanzi wa Mababa Weupe aliyekuwa askofu wa Mwanza. Afrika ikaanza kusimama ukumbini kwa sauti moja: msemaji mmoja alizungumza kwa niaba ya mamia, jambo ambalo maaskofu wa mabara makongwe hawakulizoea. Na kwa kuwa lugha ya ukumbi ilikuwa Kilatini, mzigo uliowatoa jasho vijana wa Rubya na Katigondo uligeuka kuwa mtaji.

Hapo katikati, Juni 1963, Yohane XXIII alifariki. Makardinali 80 waliingia kwenye uchaguzi uliompata Paulo VI, na Rugambwa alikuwa mmoja wao. Angepiga kura tena mara mbili mwaka 1978, Agosti na Oktoba. Ile ya Oktoba ilimpata Yohane Paulo II. Majuma mawili baadaye majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, mkoa wake wa kuzaliwa.

Sekretarieti ile ya Mtaguso haikufa. Mwaka 1969 Paulo VI alikuja Kampala, Papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika, na hapo ndipo Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska lilipozinduliwa. Watu wanaikumbuka ziara hiyo kwa wito wake kwamba Waafrika wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Mimi naikumbuka pia kwa kazi ya makaratasi iliyoitangulia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianzia kwenye vikao vya Roma vya miaka ya Mtaguso.

Desemba 1968 Rugambwa aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, akichukua nafasi ya Edgar Maranta, Mkapuchini. Alifika jijini wakati mgumu kuliko tunavyokumbuka leo. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Mwezi uleule wa Desemba serikali iliifuta Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki nchini Tanzania, na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) likaundwa, jambo lililoacha uchungu unaosemwa hadi leo. Kardinali aliyetoka Bukoba, palipojaa makanisa, alitua kwenye mji wa pwani ambao wenyeji wake wengi ni Waislamu. Alikaa kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo Wajerumani walilijenga likitazama bandari, karibu na gati la boti za Zanzibar, mahali ambapo hata mpita njia huliona kama jengo la mtawala. Katika hali hiyo kila neno la kardinali lingepimwa mara mbili: mara moja na Ikulu, mara moja na misikiti.

Kisha zikaja shule. Wakati wa uhuru sehemu kubwa ya shule nchini ilikuwa mikononi mwa makanisa, na walionufaika zaidi walikuwa Wakristo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule hizo mikononi mwa serikali. Pugu, alikofundisha Rais Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, ikaondoka. Ihungo ya Bukoba ikaondoka. Sekondari ya wasichana kule Bukoba iliyobeba jina la Rugambwa mwenyewe nayo ikawa ya serikali, na jina likabaki. Seminari hazikuguswa.

Kwa nini Kanisa halikupigana? Jepesi ni kusema kwamba rais alikuwa Mkatoliki aliyekwenda Misa mara kwa mara, basi maaskofu wakamwachia. Hilo lina ukweli, ila ni robo ya ukweli. Serikali ilikuwa tayari inachangia mishahara ya walimu kwa ruzuku, kwa hiyo Kanisa lilipoteza madaraka zaidi kuliko fedha. Maaskofu walikuwa wamekwisha kulipokea Azimio kwa wema kwenye barua yao ya kichungaji ya mwaka 1968, na ingekuwa vigumu kusifu usawa kwenye karatasi na kuukataa ulipofika mlangoni. Lingine ni kwamba Kanisa lisilo na shule liliacha kuonekana kama dola ndogo ndani ya dola, jambo ambalo katika nchi yenye dini mbili kubwa ni afya. Rugambwa aliyeona Masaka ikifaulu kwa subira alijua kukubali hasara ya leo kwa ajili ya nafasi ya kesho. Kwenye suala la shule, naona alipima sawasawa.

Siwezi kusema hivyo kuhusu vijiji vya ujamaa. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni walihamishiwa vijijini, wengi kwa hiari ya kulazimishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Hao walikuwa waumini wa parokia, watu waliozika wazazi wao kwenye mashamba waliyoondolewa. Sauti ya maaskofu haikupanda hadharani kama ilivyopanda Malawi mwaka 1992, pale barua moja ya Kwaresima ilipomtikisa Rais Kamuzu Banda. Nyerere hakuwa Banda, nakubali. Yeye mwenyewe, akizungumza na masista wa Maryknoll nchini Marekani mwaka 1970, aliliambia Kanisa lisimame na maskini hata kama ni kwa kuasi mifumo inayowakandamiza. Kanisa la Tanzania lilikubali sehemu ya kwanza ya hotuba hiyo kuliko ya pili.

Hapa kulinganisha kunasaidia. Joseph Malula wa Kinshasa, kardinali tangu 1969, alikuwa mtu wa tabia nyingine kabisa. Rais Mobutu wa Zaire alipofuta majina ya Kikristo kwa jina la uhalisia, Malula alipinga, akanyang'anywa makazi yake na mwaka 1972 akaishi uhamishoni Roma kwa miezi. Kinaya chake kinauma: ni Malula huyohuyo aliyetaka Misa ivae Uafrika kuliko mtu yeyote, na ibada ya Misa kwa majimbo ya Zaire, ngoma, mababu na yote, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Maurice Otunga wa Nairobi, kardinali wa Kenya tangu 1973, mtoto wa chifu aliyeacha kiti cha baba yake, alikuwa mpole kwa siasa na mkali kwa maadili. Mwaka 1996 alichoma kondomu hadharani Uhuru Park. Emmanuel Nsubuga wa Kampala alipata kofia mwaka 1976, katikati ya utawala wa Amin, ambapo hata kukaa kimya kulihitaji ujasiri na kusema kulimgharimu mtu roho.

Ukiwaweka wanne hao pamoja, unaona kwamba kofia haikuwapa tabia moja. Kila mmoja aliitumia kulingana na dola aliyopewa. Malula alipata dikteta aliyemshindania madhabahu, kwa hiyo alipigana. Rugambwa alipata rais aliyezungumza lugha yake ya haki na utu, na hiyo ni hali ngumu zaidi kwa mchungaji kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu adui haonekani. Mtu anayekubaliana nawe kwa maneno tisa kati ya kumi ni vigumu kumkemea kwa lile la kumi.

Alichokifanya Dar es Salaam hakikupigiwa tarumbeta. Alianzisha hospitali ya Kikatoliki Ukonga, ambayo leo ina jina lake, mahali ambapo mji ulikuwa ukipanukia na huduma hazijafika. Jiji lilipojaa wahamiaji kutoka bara, parokia zilifuata watu Manzese, Temeke na Mbagala, na jumuiya ndogondogo za Kikristo zikawa ndizo Kanisa la kila juma kwa mtu asiyeweza kulipa nauli ya kwenda mjini. Seminari kuu ya Segerea ilianza ndani ya jimbo lake, gombera wake wa kwanza akiwa Polycarp Pengo. Mtu huyo ndiye aliyeletwa Januari 1990 kuwa askofu mkuu mwandamizi, na ndiye aliyemrithi.

Septemba 1990 Yohane Paulo II alizuru Tanzania, akapita Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Mwenyeji wake jijini alikuwa mzee wa miaka 78, aliyepita umri wa kustaafu uaskofu kwa miaka mitatu. Rugambwa aling'atuka tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80 na kupoteza haki ya kumchagua Papa. Kwa maoni yangu alichelewa. Jiji la miaka ya themanini, lenye foleni za sukari na vijana wasio na ajira, lilihitaji askofu mkuu mwenye nguvu za miguu. Mwaka huohuo wa 1992 vyama vingi vilirudi, na serikali ikatia saini na makanisa makubaliano kuhusu shule na hospitali, yale yale ambayo baadhi ya Waislamu wanayalalamikia hadi sasa. Milango iliyofungwa kimya mwaka 1969 ilikuwa inafunguliwa, na mwenye kuifungua hakuwa yeye tena.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, mkesha wa sikukuu ya Uhuru. Alizikwa Kashozi, mahali Mababa Weupe walipoanzia. Oktoba 2012, katika mwaka wa mia tangu azaliwe, masalia yake yalihamishiwa kwenye kanisa kuu la Bukoba lililokuwa limekarabatiwa.

Miongoni mwa mashemasi waliopewa upadre na Yohane Paulo II jijini Dar es Salaam tarehe 2 Septemba 1990 alikuwamo kijana wa Bunena, Bukoba, aliyezaliwa mwaka 1960, mwaka wa kofia. Jina lake Protase Rugambwa. Alikuwa askofu wa Kigoma, akaenda Roma na mwaka 2017 akawa katibu wa idara ya uinjilishaji wa mataifa, ile ile iliyokuwa ikisimamia vikarieti za Tanganyika wakati Laurean alipoteuliwa mwaka 1951. Kwa zaidi ya miaka mitano Mhaya alikuwa akishughulikia mafaili ya uteuzi wa maaskofu wa Asia na Afrika. Mwaka 2023 akarudi Tabora kuwa askofu mkuu mwandamizi, Septemba hiyohiyo akafanywa kardinali, na Mei 2025 alikuwa kati ya waliomchagua Leo XIV. Tabora ndilo jimbo kuu ambalo Rutabo ilikuwa chini yake mwaka 1960, na safari hii kardinali na askofu mkuu ni mtu mmoja.